Fomu Iliyosainiwa Getini: Asilimia 3 ya Dalali na Familia Yenye Akiba ya Dola 21,400

Wahusika

Kisa hiki ni cha mji mmoja wa katikati mwa Marekani, kati ya mwisho wa Agosti na katikati ya Novemba 2024. Majina, mtaa na kampuni vimeondolewa, na tarakimu zimezungushwa kidogo ili nyumba isitambulike.

Wanunuzi ni mume na mke wazungumzaji wa Kiswahili kutoka mashariki mwa Kongo. Waliishi kambini Kigoma kabla ya kuhamishiwa Marekani. Mume hufanya kazi ghalani zamu ya usiku, mke hutunza wazee. Wana watoto wanne, na hawajawahi kununua nyumba. Benki iliwapa barua ya kuthibitisha kwamba wanaweza kukopa kwa nyumba ya hadi dola 290,000 kwa mkopo wa FHA, ule unaokatiwa bima na serikali kuu na kuhitaji kianzio cha asilimia 3.5 tu. Fedha walizonazo benki, zikiwa na karatasi zake zote: dola 21,400.

Neno dalali linatumika hapa kwa sababu ndilo lililo midomoni mwa watu. Huyu si dalali wa mtaani. Ana leseni ya jimbo, anafanya kazi chini ya kampuni ya udalali, na kampuni hiyo ndiyo yenye mkataba na mteja, si yeye. Jambo hili litakuja kuwa na maana.

Kanuni iliyokuwa imebadilika siku chache tu

Kwa miongo kadhaa, mwenye kuuza nyumba Marekani alisaini na dalali wake kamisheni ya jumla, mara nyingi asilimia 5 hadi 6 ya bei. Dalali huyo aliiingiza nyumba kwenye MLS, kanzidata ya pamoja ya madalali wa eneo, na humo akaandika atamgawia kiasi gani dalali atakayemleta mnunuzi. Mnunuzi hakuiona hesabu hiyo, na wengi waliamini dalali wao ni wa bure.

Wauzaji wa Missouri walikishitaki chama cha kitaifa cha madalali, National Association of Realtors, pamoja na kampuni kubwa za udalali. Hoja yao ilikuwa kwamba utaratibu huo ulimlazimisha muuzaji kumlipa mtu anayembishia bei, na kwamba madalali waliweza kuwaepusha wateja na nyumba zenye mgao mdogo. Tarehe 31 Oktoba 2023, jopo la raia kwenye mahakama ya Kansas City liliwapa ushindi, na fidia ikafika karibu dola bilioni 1.8. Tarehe 15 Machi 2024 chama kilikubali suluhu ya dola milioni 418 na kubadili kanuni zake. Kanuni mpya zilianza 17 Agosti 2024, na mahakama iliidhinisha suluhu hiyo kwa mara ya mwisho tarehe 26 Novemba.

Mambo mawili yalibadilika. La kwanza, mgao wa dalali wa mnunuzi hauruhusiwi tena kuandikwa kwenye MLS. La pili, dalali anayetumia MLS lazima awe na makubaliano ya maandishi na mnunuzi kabla ya kumwonyesha nyumba, iwe kwa miguu au kwa video ya moja kwa moja. Makubaliano hayo lazima yataje malipo kwa namba au asilimia inayohesabika. Kuandika "chochote atakachotoa muuzaji" hakukubaliki. Dalali haruhusiwi kupokea zaidi ya kiwango hicho, pesa itoke kwa nani itokako, na karatasi lazima iseme waziwazi kwamba ada inajadilika na haikuwekwa na sheria.

Muuzaji hakukatazwa kumlipa dalali wa mnunuzi. Wengi wanaendelea kulipa. Tofauti ni kwamba sasa jambo hilo huombwa kwenye ofa na kubishaniwa kama bei yenyewe, na ikiwa muuzaji atakataa, mdaiwa anajulikana: ni yule aliyesaini fomu.

Fomu

Siku ya kwanza ya kuona nyumba, wiki mbili baada ya kanuni kuanza, dalali aliwatumia fomu kwa simu wakiwa wameshafika getini. Ilikuwa ya Kiingereza, kurasa tano, na sehemu za kusaini zikiwaka njano. Dalali aliwaambia ni utaratibu mpya, hawezi kufungua mlango bila hiyo, na wasiwe na wasiwasi: "Kwenu ni bure, muuzaji ndiye hulipa."

Aliyetafsiri ni mtoto wao wa miaka 15. Neno la kwamba mkataba ni wa kipekee, yaani hawaruhusiwi kununua kupitia dalali mwingine, alilitafsiri kuwa "maalumu". Wazazi wakaelewa kwamba wanapewa huduma ya heshima. Wakasaini kwa kidole. Mtu aliyezoea Dar es Salaam, ambako dalali huomba hela ya kuonyesha chumba kabla hajainuka kitini, angeliona jambo hilo la kawaida kabisa, na bila hata dola moja kutoka mfukoni.

Walichosaini ni hiki:

- ada ya asilimia 3 ya bei ya kununulia, pamoja na dola 395 za "uendeshaji wa ofisi";
- miezi sita, kipekee, kwa wilaya nzima na wilaya mbili za jirani;
- mkia wa siku 90, maana yake wakinunua nyumba waliyoonyeshwa na dalali huyu ndani ya siku 90 baada ya mkataba kwisha, ada bado ni yake;
- muuzaji akilipa pungufu, mnunuzi atajaza.

Sentensi ya kwamba ada inajadilika ilikuwepo, kwa herufi nene, kama kanuni inavyotaka. Hakuna aliyewasomea.

Nyumba ya kwanza

Baada ya nyumba saba waliipenda moja ya dola 279,000. Ofa ilipelekwa kwa bei hiyo hiyo, ikimwomba muuzaji alipe asilimia 3 ya dalali wao. Jibu likaja jioni: bei sawa, lakini muuzaji atalipa asilimia 2 na si zaidi. Wamepewa saa 48.

Hapo ndipo swali la nani anajaza lilipoulizwa kwa mara ya kwanza. Hesabu yao ilikuwa hivi. Kianzio cha asilimia 3.5 ni dola 9,765. Gharama za kufunga mauzo, yaani ada za benki, bima ya hatimiliki, bima ya nyumba ya mwaka na kodi ya nyumba inayowekwa akiba mapema, zilikadiriwa dola 8,900. Ukaguzi na uthamini, dola 1,100. Jumla dola 19,765, na mkononi zingebaki 1,635.

Pengo la dalali lilikuwa asilimia 1, dola 2,790, na juu yake zile 395. Jumla 3,185. Walipungukiwa dola 1,550.

Kwa watu wengi wasioifahamu biashara hii, dola 1,550 kwenye nyumba ya 279,000 ni kitu cha kuongeza kwenye mkopo tu. Haiwezekani. Mkopo huhesabiwa kwa bei ya nyumba au thamani aliyoitoa mthamini, ile iliyo ndogo, na kamisheni ya mnunuzi haipandi juu yake. Pengo hulipwa kwa fedha taslimu, siku ile ile ambayo kianzio na gharama nyingine zote zinadaiwa. Familia iliacha saa 48 zipite. Arubuni haikupotea kwa kuwa hawakuwa wamesaini jibu la muuzaji.

Kuifungua fomu upya

Wiki hiyo walikwenda na karatasi zao kwa mshauri wa nyumba wa shirika lililoidhinishwa na HUD, wizara ya nyumba ya Marekani, akaketi nao na kuisoma fomu mstari kwa mstari kwa Kiswahili. Njia zilikuwa tatu.

Ya kwanza ni kuomba mkataba uvunjwe. Kampuni ingeweza kukubali, lakini mkia wa siku 90 ungebaki kwa nyumba zote saba walizoonyeshwa. Ya pili ni kutulia na kutafuta tu nyumba ambazo muuzaji atalipa asilimia 3 kamili. Njia hiyo ingewarudisha kwenye tabia ile ile iliyolalamikiwa mahakamani, ya kuchagua nyumba kwa kuangalia mgao wa dalali, safari hii ikifanywa na mnunuzi mwenyewe dhidi yake. Ya tatu ni kubadilisha fomu, na ndiyo waliyoichukua.

Hawakumwandikia dalali. Waliomba kikao na msimamizi wa kampuni, kwa sababu yeye ndiye mwenye mamlaka ya kusaini marekebisho. Walikwenda na karatasi moja yenye hesabu ya hapo juu, bila lawama, wakauliza swali moja: kwa akiba hii, ni nyumba gani sokoni tunaweza kuifunga kwa masharti haya? Jibu lilikuwa kwamba zipo chache sana. Kampuni ilikuwa imeshatumia wikendi tatu za dalali wake, na asilimia 3 ya nyumba isiyonunuliwa ni sifuri.

Marekebisho yalisainiwa siku hiyo: asilimia 2.5, dola 395 zifutwe, muda siku 60 kuanzia tarehe ya marekebisho, mkia siku 30, na kifungu kwamba dalali ataomba malipo kwa muuzaji kwenye kila ofa kabla ya kumdai mnunuzi. Familia ingeweza kuomba 2 moja kwa moja. Hawakufanya hivyo kwa sababu dalali alikuwa na uzoefu mzuri wa mikopo ya FHA na hawakutaka afanye kazi kwa shingo upande. Uamuzi huo unaeleweka. Uliwagharimu baadaye, lakini si sana.

Badiliko la pili lilikuwa la utaratibu. Kabla ya kwenda kuona nyumba yoyote, dalali alimpigia simu mwenzake wa upande wa muuzaji na kuuliza kama kuna malipo kwa dalali wa mnunuzi na ni kiasi gani. Kuulizana kwa simu au kuandika kwenye tovuti ya kampuni kunaruhusiwa, kwani katazo ni la MLS tu. Kati ya nyumba tano walizoulizia, tatu walitaja namba na mbili wakasema leteni ofa tuione.

Nyumba ya pili

Ilitangazwa kwa dola 272,000. Mwenye nyumba tayari alikuwa na ofa ya 268,000 kutoka kwa mnunuzi mwenye kianzio cha asilimia 20, ambaye hakuomba kitu chochote.

Hapa lazima kuvaa viatu vya muuzaji. Yeye haangalii bei, anaangalia kinachobaki. Familia ingetoa 272,000 na kuomba asilimia 2, angebakiwa na 266,560 kabla ya kumlipa dalali wake, chini ya ile ofa nyingine. Kwa hiyo dalali wao alipendekeza wapande: 275,000, muuzaji alipe asilimia 2.5, dola 6,875, abaki na 268,125. Kwa mnunuzi, kila dola 4,000 za nyongeza ya bei hudai dola 140 zaidi za kianzio na karibu dola 27 kwa mwezi kwa riba ya asilimia 6.5, bima ya FHA ikiwemo. Ni kuhamisha mzigo kutoka siku moja kwenda miaka 30, na kwa mtu ambaye shida yake ni fedha za siku moja, hoja hiyo ina uzito.

Rasimu ya kwanza ya ofa iliandika kwamba muuzaji atatoa "asilimia 2.5 kwa gharama za mnunuzi". Ofisa mikopo aliirudisha. Maneno yakabadilishwa kuwa muuzaji atailipa kampuni ya udalali ya mnunuzi moja kwa moja, siku ya kufunga, kutoka kwenye mapato yake. Sababu imeelezwa mbele.

Muuzaji alijibu kwa asilimia 2, dola 5,500. Angebakiwa na 269,500, zaidi ya ofa ya mpinzani. Familia ilikubali, ikijua pengo la nusu asilimia ni lake: dola 1,375. Kianzio 9,625, gharama za kufunga 8,700, ukaguzi na uthamini 1,075, na pengo. Kwenye akiba zingebaki dola 625. Mshauri aliwaambia waziwazi kwamba hiyo ni nyembamba mno. Walikubali hivyo hivyo.

Mthamini

Uthamini ulikuja dola 271,000.

Ofa ya FHA huambatana na kifungu kinachomruhusu mnunuzi kujitoa na kurudishiwa arubuni iwapo thamani itakuwa chini ya bei, kwa hiyo familia haikuwa imenaswa. Ila kubaki kwenye 275,000 kungemaanisha kuongeza dola 3,860 taslimu, nao wangekuwa na 625. Mpinzani wa 268,000 alikuwa ameshanunua kwingine. Pande zote mbili zilihitajiana.

Baada ya siku mbili za kusukumana, muuzaji alishuka hadi 271,000 lakini akapunguza malipo ya dalali hadi asilimia 1.5, dola 4,065. Angebakiwa na 266,935. Ada ya dalali kwa asilimia 2.5 ya bei mpya ni 6,775, hivyo pengo likawa dola 2,710. Familia, baada ya kianzio cha 9,485, gharama 8,700 na 1,075 zilizokwisha kulipwa, ilikuwa na 2,140. Upungufu: dola 570.

Mambo matatu yalipimwa.

Benki iliwapa njia ya kupandisha riba kutoka 6.5 hadi 6.625 ili wapate punguzo la dola 1,100 kwenye gharama za kufunga. Malipo ya mwezi yangeongezeka dola 22. Kwa miaka mitano ni dola 1,320, kisha inaendelea. Wakakataa.

Wakati huo huo ndugu na waumini wenzao walikuwa wamechanga, kama desturi ilivyo. Mume alipeleka benki dola 1,800 taslimu kabla ya kumwambia mtu yeyote. Hili lilikuwa kosa kubwa kuliko yote ya familia. Amana ya taslimu isiyo na chanzo husimamisha faili la mkopo. Zawadi inaruhusiwa kwenye FHA, ila mtoaji ajulikane, awe ndugu au mtu wa uhusiano unaothibitika, asaini barua kwamba si deni, na pesa ionekane ikitoka akaunti moja kuingia nyingine. Mchango wa watu kumi na mmoja, waliotoa noti mkononi baada ya ibada, hauna njia ya kukidhi hayo. Familia iliandika barua ya kueleza ukweli, benki ikazitoa dola hizo 1,800 kwenye hesabu ya fedha zinazokubalika kwa ununuzi, na siku nne zikapotea.

Kilichobaki ni ada. Kampuni ilisaini marekebisho ya pili: asilimia 2, dola 5,420. Pengo likashuka hadi 1,355.

Matokeo

Mauzo yalifungwa katikati ya Novemba 2024, siku chache kabla ya ile siku ya 60. Kati ya fedha zilizothibitishwa, familia ilibaki na dola 785, mbali na mchango ambao haukutumika. Dalali wa mnunuzi alilipwa dola 5,420: 4,065 kutoka kwa muuzaji na 1,355 kutoka kwa familia, na sehemu yake ilibaki kwa kampuni. Muuzaji alibakiwa na pungufu ya dola 1,065 kuliko ambavyo angepata kwa ofa ya 268,000 aliyoikataa.

Uchambuzi

*Pengo kuliko ada.* Watu hubishana kama asilimia 3 ni nyingi au kidogo. Kwa familia hii swali hilo halikuwa na maana lenyewe. Muuzaji angelipa yote, 3 isingewagusa. Kilichowagusa ni tofauti kati ya namba ya kwenye fomu na namba ya muuzaji, na namba moja kati ya hizo mbili ilikuwa imeshafungwa getini, kabla ya kujua nyumba, bei wala muuzaji. Fomu ya mwanzo ingebaki ilivyo, kwenye nyumba ile ile ya pili ada ingekuwa 8,130 pamoja na zile 395, na pengo lingefika dola 4,460. Nyumba isingefungwa. Marekebisho mawili yaliokoa dola 3,105, zaidi kidogo ya asilimia 1.1 ya bei.

*Maneno ya ofa.* Kwa nini ofisa mikopo aliirudisha rasimu? Mikopo huweka kikomo kwa misaada ambayo muuzaji humpa mnunuzi: FHA asilimia 6, na mikopo ya kawaida inayofuata masharti ya Fannie Mae, shirika linalonunua mikopo ya nyumba kutoka benki, asilimia 3 pale kianzio kinapokuwa chini ya asilimia 10. Kamisheni ambayo kwa desturi ya eneo hulipwa na muuzaji, akiilipa yeye moja kwa moja kwa dalali wa mnunuzi, haihesabiwi ndani ya kikomo hicho. Ikiandikwa kama mchango wa jumla kwa gharama za mnunuzi, inahesabiwa. Familia hii ilikuwa FHA na isingefika 6. Mnunuzi mwenye kianzio cha asilimia 5 kwenye mkopo wa kawaida, akipewa 2.5 za dalali na 2 za gharama kwa sentensi moja ya jumla, ana 4.5 dhidi ya kikomo cha 3, na ziada hukatwa kwenye bei inayohesabiwa kwa mkopo. Sentensi moja, dola maelfu. Mkongwe wa jeshi mwenye mkopo unaodhaminiwa na VA, wizara ya wakongwe wa jeshi, yuko pembeni kidogo. Hadi 2024 hakuruhusiwa kabisa kumlipa dalali wake mwenyewe, na VA ililegeza katazo hilo kwa muda kuanzia 10 Agosti mwaka huo, wiki moja kabla ya kanuni mpya.

*Kupandisha bei.* Mbinu hii iliwapa nyumba na ikakaribia kuwanyang'anya. Wakati kamisheni inapopakiwa ndani ya bei, mthamini haijui na hajali, anatazama nyumba zilizouzwa jirani. Dalali alipaswa kuzipitia nyumba hizo kabla ya kutamka 275,000. Mauzo matatu ya karibuni katika mtaa huo yalikuwa chini ya 272,000, na habari hiyo ilikuwa kwenye MLS hiyo hiyo anayoitumia kila siku. Kupandisha kunafaa pale ambapo bei iliyotangazwa iko chini ya mauzo ya jirani. Hapa haikuwa hivyo. Dalali wa muuzaji naye hakumpigia mteja wake hesabu ya hatari: 268,000 kwa kianzio cha asilimia 20 ilikuwa na nafasi kubwa ya kusimama kuliko 269,500 iliyoegemea uthamini.

*Kosa la dalali, na lisilo kosa lake.* Kusema "kwenu ni bure" kulikuwa kukiuka kanuni, si ulimi kuteleza. Chini ya kanuni mpya, dalali haruhusiwi kuita huduma yake ya bure isipokuwa hapokei malipo kutoka kwa mtu yeyote. Kutuma fomu watu wakiwa getini hakukatazwi, lakini kunaua kile fomu ilichokusudiwa, ambacho ni mnunuzi kujua na kubishana kabla. Upande wa pili, alionyesha nyumba kumi na mbili, akaandika ofa mbili, akakubali kupunguziwa mara mbili na kuomba kwa muuzaji kila mara kama alivyoahidi. Asingekuwa anaujua mkopo wa FHA, suala la uthamini lingewachukua wiki, si siku mbili.

*Ambavyo familia ingeweza kuanza.* Kuhudhuria nyumba zilizofunguliwa kwa umma wikendi hakuhitaji kusaini chochote na dalali aliyepo mlangoni, na wiki mbili za kuzunguka hivyo zingewafundisha mtaa na bei bila kujifunga. Pia zipo fomu fupi za kuonyeshwa nyumba tu: nyumba moja au siku chache, malipo sifuri au kiasi kidogo kilichotajwa, bila upekee. Zinatimiza kanuni kikamilifu. Kampuni nyingi zinazo, ila mteja asiyeuliza hupewa ile ya miezi sita.

*Mtafsiri.* Mtoto wa miaka 15 alifanya alichoweza. Kumpa mzigo huo kuligharimu zaidi ya asilimia yoyote kwenye kisa hiki, kwa sababu neno "kipekee" lingeeleweka sawasawa, baba asingesaini kabla ya kupiga simu, na mazungumzo yaliyofanyika ofisini wiki tatu baadaye yangefanyika siku ya kwanza, wakati kampuni bado ilikuwa inawataka kama wateja wapya. Mshauri wa HUD aliwahudumia bure. Walijua yupo. Walidhani kazi yake ni watu walioshindwa kulipa nyumba.

Tangu kisa hiki, kampuni hiyo imeanza kutuma fomu ya siku moja kwa ziara ya kwanza, na ile ndefu hutumwa kwa barua pepe siku mbili kabla ya ziara ya pili. Dola 395 za uendeshaji wa ofisi bado zimo.